Mama hawezi kulala bila diazepam, na sasa hazimshiki. Tuzitupe?

Wakuu, kamwene. Mama yangu yupo Ilula, umri umesogea. Mzee alipofariki usingizi ulimkimbia, hospitali wakamwandikia diazepam za miligramu 5, kimoja usiku. Cheti kiliisha kitambo ila yeye anaendelea kununua duka la dawa la mtaani. Siku hizi anameza viwili na bado anakesha, halafu asubuhi anatembea akishika ukuta. Na huu msimu wa ulanzi, ile pombe ya mianzi, jioni hakosi kikombe. Mdogo wangu anataka tuvimwage vyote chooni leo. Kwanini dawa imegoma, na tufanyeje?

Bonde la Ruaha: Mwaga. Mpe maziwa ya moto, atalala tu.

Tabibu wa Uyole: Msimwage! Ubongo una kemikali iitwayo GABA, ndiyo breki yake. Ikishika kipokezi chake kwenye seli ya neva, kitundu kinafunguka, kloraidi (chembe zenye chaji hasi) inaingia, seli inatulia. Diazepam haifungui yenyewe. Inajibanza pembeni ya kipokezi hicho hicho na kuifanya GABA ifungue mara nyingi zaidi. Akimeza kila siku kwa miezi, vipokezi vinazoea na kupunguza usikivu, ndiyo maana kimoja hakitoshi. Sasa ukimkatia ghafla, breki zimelegea na dawa haipo: atatetemeka, ataweweseka, hata kifafa kinaweza kumwangusha. Inapunguzwa kidogo kidogo, daktari akisimamia.

Mleta mada: Asante mkuu. Na ulanzi?

Tabibu wa Uyole: Huo ndio unaonitisha kuliko vidonge. Pombe nayo inagusa kipokezi kile kile. Vikikutana, pumzi inaweza kushuka akiwa usingizini na msijue. Halafu hako ka kuyumba: nusu ya diazepam hutoka mwilini kwa saa 20 hadi 50, kwa wazee huchelewa zaidi. Ya juzi bado imo anapomeza ya leo. Akianguka akavunjika nyonga, ni habari nyingine kabisa.

Binti Mwanjelwa: Mama mkwe alipitia hayo. Daktari alimpangia, tukawa tunakata kidonge kwa wembe juu ya sahani, nusu, baadaye robo. Ilichukua miezi, na wiki za mwanzo alikuwa mkali balaa, vumilieni. Pia mtafutieni wa kuongea naye, maana kilichomnyima usingizi ni msiba.

Mleta mada: Jumatatu nampeleka hospitali na pakiti zake zote. Vidonge nimemficha mdogo wangu. Wa kumwambia bi mkubwa habari ya ulanzi ndiye bado hajapatikana.