Siku ya Mashujaa: waheshimiwa wote wametajwa, marehemu hakutajwa hata mmoja. Mnatuchukuliaje?

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Mods, naomba uzi huu msiuunganishe na ule wa picha za gwaride, hauhusiani nao kabisa.

Julai 25 nilimsindikiza mama yangu kwenye maadhimisho ya Siku ya Mashujaa ngazi ya wilaya. Wilaya siitaji, ila mliokuwepo mtajijua. Hatukwenda kudoea. Mama aliletewa barua ya mwaliko yenye muhuri, kwamba anaalikwa kama mjane wa shujaa wa Vita vya Kagera. Akaamka saa kumi alfajiri, akanyoosha kitenge chake kwa pasi ya mkaa, tukafika uwanjani saa moja na nusu kama barua ilivyoelekeza. Mgeni rasmi aliingia saa nne na ushee.

Hema lilikuwa moja. Ndani yake viti vya vitambaa vyeupe, maji ya chupa, na wakubwa. Wajane na wazee waliopigana walipangwa pembeni kwenye viti vya plastiki, juani. Sawa, tumezoea. Kilichonitoa roho ni MC alipoanza utambulisho. Alianza na mgeni rasmi, akaja kamati ya usalama, wakuu wa idara mmoja mmoja, madiwani, watendaji wa kata, viongozi wa chama, wazee maarufu, mpaka meneja wa benki iliyoleta fulana. Kila anayetajwa anasimama, anapunga mkono, anapigiwa makofi. Mmoja alirukwa, basi kijana akakimbizwa na kikaratasi mpaka kwa MC: "Samahani sana waheshimiwa, nilimsahau mheshimiwa fulani." Makofi tena. Hapo itifaki ndiyo ikawa imezingatiwa.

Mama akanivuta shati: "Mwanangu, baba yako watamtaja saa ngapi?"

Hawakumtaja. Si yeye tu, hakutajwa marehemu hata mmoja. Walisema "mashujaa wetu wote waliomwaga damu yao kwa ajili ya taifa hili", tukasimama kimya kwa muda ambao sina hakika kama ulifika dakika, kisha tukatangaziwa kugawana mafyekeo na mafagio tukasafishe soko. Mama yangu ana miaka sabini na kitu. Kuna binti wa watu kamletea fagio la chelewa na fulana ya benki inayomfika magotini, akamwambia "Bibi, karibu tushirikiane."

Sasa niwaeleze kwa nini nina hasira kiasi hiki, maana najua kuna watakaosema nalalamikia fulana.

Baba yangu hakuwa mwanajeshi wa ajira. Alikuwa mgambo wa kijiji, mkulima wa pamba. Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalipoingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, daraja la Kyaka likavunjwa, watu wakauawa na ng'ombe wakaswagwa kuvushwa mpaka, Mwalimu akatangaza kwamba sababu ya kumpiga tunayo, nia tunayo, na uwezo tunao. Huo uwezo ndio akina baba. Jeshi lilikuwa dogo, likajazwa na makumi ya maelfu ya mgambo kutoka vijijini. Walipanda malori wakiwa na majembe yao bado shambani. Baba hakurudi. Kampala ilitekwa Aprili 11, 1979, na mpaka Juni majeshi yetu yalikuwa yamefika mpaka wa Sudan. Waliorudi kijijini walipokelewa kwa ngoma. Mama, mimi nikiwa mgongoni, akawa anapita kwenye kila mapokezi kuulizia. Taarifa aliletewa baadaye na katibu kata, kwa mdomo, amesimama mlangoni.

Kwa hiyo hatukuzika. Kwetu mtu asipozikwa nyumbani mnabaki mnaning'inia, hamjui matanga mmeyaanua au bado. Makaburi ya mashujaa yako Kaboya, wilayani Muleba, na kutoka kwetu mpaka kule ni Kahama, Runzewe, Biharamulo, ndipo uitafute Muleba. Nauli ya watu wawili kwenda na kurudi kwa mama anayeuza karanga ni mtaji wote. Ndiyo maana Julai 25 kwake ndiyo msiba wenyewe. Siku hiyo hapiki mpaka jioni, na ukipita na redio yenye muziki anakuomba uzime. Halafu siku hiyo hiyo unakuta makampuni yanarusha mabango mtandaoni, "Tunawatakia heri ya Siku ya Mashujaa", na namba ya huduma kwa wateja chini. Heri gani? Mfiwa anatakiwa heri lini?

Kazini nako usiseme. Niliomba ruhusa siku moja, bosi akanijibu mbona Julai 25 haimo kwenye orodha ya sikukuu za mapumziko. Na kweli haimo. Sabasaba tunapumzika, Nanenane tunapumzika, hapo katikati inapita siku ya waliokufa na watu wako maofisini. Sikatai wafanyabiashara na wakulima kuenziwa, baba mwenyewe alikuwa mkulima. Lakini kijana wa leo ukimuuliza Mashujaa atakujibu hawa wa Kigoma wanaocheza Ligi Kuu, na atakutajia mpaka kipa. Simlaumu. Nani kamwambia kingine?

Nitakuwa mkweli, ngazi ya taifa wanajitahidi. Ukiangalia kwenye TV Rais anavyoweka mkuki na ngao, sime inawekwa, upinde na mishale, viongozi wa dini wanaomba, tarumbeta inapigwa, unaona kuna heshima. Tatizo linaanza shughuli ikishuka mikoani na wilayani. Huku inakuwa shughuli kama shughuli nyingine, unatoa neno "Mashujaa" kwenye bango unaweka "Wiki ya Maji", ratiba ni ile ile, MC ni yule yule, na utani ule ule.

Na msidhani haya ni ya wazee wa 1978 peke yao. Julai 13, 2013 wanajeshi wetu 7 waliuawa Darfur, Sudan, wakilinda amani. Desemba 7, 2017 wasiopungua 14 waliuawa kule Semuliki, Kivu Kaskazini, Kongo, kwa usiku mmoja. Hao wameacha watoto ambao sasa hivi wako shuleni. Miaka 20 ijayo mama zao nao watapewa fagio?

Ninachodai si pesa. (Ya kiinua mgongo na posho za wajane ni uzi mwingine, nikiuanzisha hapa hatutalala. Mwalimu alituomba tufunge mkanda miezi 18, kuna wajane hawajaufungua mpaka leo.) Nadai majina. Wilaya moja ina waliokufa wangapi? Hata wangekuwa mia, kusoma majina mia kwa utulivu ni dakika kumi. MC wenu alitumia muda mrefu kuliko huo kutambulisha walio hai, na walio hai wanaweza kujitambulisha wenyewe. Soma jina, taja kijiji alichotoka, ndugu zake wasimame kama wale waheshimiwa walivyosimama. Wakishapigiwa makofi hao, nipeni fyekeo nifyeke mpaka magharibi.

Niliwafuata walioandaa kuuliza orodha iko wapi. Nikaambiwa niandike barua, nipitishe kwa mtendaji wa kata. Nimeandika. Mtendaji ndiye yule aliyetambulishwa wa ishirini na ngapi sijui, na alicheka alipoisoma. Akasema, "Kaka, haya mambo ya zamani haya."

Basi naomba wenye uzoefu mnisaidie. Mwenye mzazi aliyezikwa Kaboya alipataje uthibitisho wa jina, na je, kwa waliokuwa mgambo utaratibu ni huo huo wa waliokuwa jeshini? Kuna mtu kwenye wilaya yake majina yanasomwa? Kama ipo, iandike hapa niichapishe nikawaonyeshe. Mwakani nitakwenda na orodha yangu mwenyewe ya kata yetu, tayari wazee watatu wamenitajia majina, na maiki nitaiomba kistaarabu. Wakininyima nitasoma bila maiki, sauti ninayo.

Na wewe unayetaka kuandika "mama kapewa fulana ashukuru", pita tu, uzi huu si wako.