Siku tatu Kunming na mama, tuache nini?

mwana_wa_mwisho
Habari zenu wadau. Mwezi wa pili mimi na bi mkubwa tunaenda Kunming, tunafika Alhamisi mchana, tunaondoka Jumapili usiku. Nimeuchagua huo mji sababu mama baridi haiwezi, joto nalo linamchosha, na Wachina wenyewe wanauita mji wa machipuko ya milele. Shida kila nikisoma naongeza kitu, sasa hivi kwenye karatasi nina Msitu wa Mawe, milima ya Xishan, miji ya Dali na Lijiang, na ziwa Dian, na magoti ya mama ngazi nyingi hayataki. Niache kipi? Halafu tunakula halali tu, huko tutapata?

kofia_ya_ukili
Mama mpe shikamoo yangu kwanza. Lijiang futa, Dali futa, najua kuna watu watanibishia. Treni ya kasi mpaka Dali ni kama masaa mawili kwenda na mawili kurudi, weka na kufika stesheni mapema, kukaguliwa mizigo, foleni, siku imeisha na hamjakaa sehemu moja mkatulia. Kunming peke yake inazijaza hizo siku vizuri tu.

Ila hilo neno machipuko ulielewe. Mji uko karibu mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, ndo maana hata mwezi wa saba hakuna lile joto la kuunguza. Mwezi wa pili mchana unatembea na shati, jua likizama unatafuta sweta mbio mbio, na hoteli nyingi za bei ya chini hazina hita, mimi usiku wa kwanza nililala na koti. Uliza hita kabla hujalipia. Na mchana msidanganywe na ule ubaridi, kwa urefu ule jua linachoma ngozi kweli, mama asikose kofia.

Alhamisi msikimbilie popote, mpeleke Cuihu, ni bustani yenye ziwa katikati ya mji. Mwezi wa pili shakwe bado wapo, wanatoka Siberia kila msimu wa baridi tangu 1985, wanaingia kama Novemba na kuondoka Machi. Kuna vimkate vyao vinauzwa hapohapo, unanyoosha mkono kipande kikiwa kati ya vidole viwili, ndege anapita na ule mdomo mwekundu anakinyakua na wewe hujahisi hata kuguswa. Wazee wa mtaani wanakuja na vinanda vyao vya nyuzi mbili wanapiga na kuimba. Mama hatataka kuondoka.

bibi_reli
Nyongeza ya Msitu wa Mawe maana hapa wengi wanapotea. Sisi tulichukua ziara ya bei chee, basi likatushusha kwenye duka la vito vya jedi saa nzima kabla hatujaona jiwe lolote la msitu, iliniuma sana. Nendeni wenyewe. Metro laini namba 1 mpaka stesheni ya Kunming Kusini, iko mbali na mjini kwahiyo tenga kama saa nzima, halafu treni mpaka Shilin Magharibi ni dakika ishirini na kitu tu, pale mnapanda basi. Tiketi inakatwa kwa pasipoti na getini unapita na pasipoti hiyohiyo, isibaki hotelini.

Yale mawe ni chokaa ya miaka kama milioni 270, palikuwa chini ya bahari, baadae maji yakayala taratibu mpaka zikabaki nguzo, Unesco wakapaweka kwenye urithi wa dunia 2007. Msitu Mkubwa una vijia vyembamba, kuna mahali unapita ubavu ubavu, na ngazi zipo nyingi. Kwa mama chukua Msitu Mdogo, ni nyasi na njia tambarare, na ndiko liliko jiwe la Ashima, yule binti wa hadithi za Wasani wenyeji wa pale.

Sasa sikiliza hii, mkirudi jioni na laini hiyohiyo namba 1 shukeni Dounan. Ndo soko la maua, na linachangamka usiku. Mawaridi yanauzwa kwa mafungu, watu wanasukuma mikokoteni imejaa mpaka anayesukuma humuoni, unaona maua yanakuja yenyewe.

abu_safari
Halali ondoa shaka ndugu yangu. Yunnan, jimbo lenye Kunming, ina Waislamu wengi wa kabila la Hui, tafuta mlangoni neno qingzhen, yaani halali, na msikiti wa Shuncheng uko mjini katikati kabisa. Jinning, kusini mwa ziwa Dian, ndiko alikozaliwa Zheng He mwaka 1371, yule amiri Muislamu ambaye meli zake zilifika mpaka pwani ya Afrika Mashariki.

Mle mixian ya kuvuka daraja, ndivyo inavyoitwa, ni tambi za mchele kwenye supu, ila mwangalie mama. Bakuli la supu linakuja limetulia, hakuna mvuke, unadhani limepoa, kumbe juu kuna utando wa mafuta umefungia moto wote chini. Unaanza kutumbukiza nyama mbichi iliyokatwa nyembamba kama karatasi, inabadilika rangi ukiangalia, ndo zinafata mboga halafu tambi. Msinywe ile supu haraka.

Xishan mimi singefuta. Metro laini ya 3 inaishia pale, na juu kuna viti vya waya. Huko juu kuna Longmen, njia iliyochongwa ubavuni mwa jabali kati ya 1781 na 1853, nyembamba na ya ngazi, mama akichoka aishie kwenye viti, ziwa lote analiona akiwa amekaa.

Na kabla ya kuondoka wekeni Alipay, ile programu ya kulipia kwa simu, mkaunganishe kadi, wauzaji wadogo chenji hawana. WhatsApp kwenye intaneti ya hoteli haifunguki, ya laini ya nje yenye roming inafunguka.

mwana_wa_mwisho
Asanteni mno. Basi Alhamisi shakwe, Ijumaa Msitu Mdogo na Dounan, Jumamosi Xishan, Jumapili tunalala mpaka tuchoke halafu mixian. Dali nimeifuta.

bibi_reli
Safi. Ila kabla hujalipa chochote angalia mwaka mpya wa Kichina unaangukia lini, mara nyingi ni mwezi huohuo wa pili. Ukigongana nao, treni zinajaa na migahawa midogo mingi inafunga. Sogeza safari hata wiki mbili mbele, shakwe mtawakuta.