Mrejesho: uzamili wa teknolojia darasani, na skuli haina intaneti

Assalamu alaykum. Ni yule mwalimu wa Wete niliyeuliza kama inafaa kusomea uzamili wa teknolojia ya ufundishaji ilhali skuli yetu haina intaneti. Nimemaliza muhula wa kwanza. Aliyenijibu kuwa kompyuta haitakuwa tatizo alisema kweli. Kilichonitoa jasho ni TPACK, ile nadharia ya Mishra na Koehler ya 2006: ujuzi wa somo, wa kufundisha na wa teknolojia, vyote vipikwe chungu kimoja. Andalio langu la somo la kutumia projekta lilirudishwa mara mbili, eti ubao ungetosha. Na ungetosha kweli! Sasa nimeweka Kolibri, programu ya masomo isiyohitaji intaneti, kwenye kompyuta moja. Watoto wanasoma kwa waifai ya darasani, bila bando. Wanagombea zamu. Ada ndiyo bado inanikaba.