Köttbullar (madonge ya nyama ya Kiswidi) za nyumbani: zangu zinatoka ngumu, mchuzi unakatika

Kutoka: Mama Wawili, Borås

Assalaam aleikum, na habari za jioni kwa wote.

Naomba msaada wa jikoni. Binti yangu yuko darasa la pili, na kama mnavyojua watoto wa grundskola, shule ya msingi ya hapa Uswidi, hupewa chakula cha mchana bure shuleni. Siku ya köttbullar anarudi nyumbani anaimba. Nikimpikia mimi, anakula mbili anasukuma sahani. Natumia mkono wangu ule ule wa kababu: nyama ya kusaga, tangawizi, thomu, kotmiri, pilipili mbichi, yai, kisha mafuta ya kuzamisha. Zinatoka ngumu. Mchuzi ndio usiseme: jana nilitia pakiti iliyoandikwa gräddfil, ukakatika wote ukawa mchachu. Nguruwe hatuli. Nianzie wapi?

*

Kutoka: Shangazi, Göteborg

Wa aleikum salaam, mwanangu. Nimefanya kazi jikoni mwa shule miaka kumi na moja, na köttbullar za nyumbani nilifundishwa na bibi mmoja wa Kiswidi niliyekuwa napika naye. Nitakueleza kama alivyonieleza.

Kwanza hiyo pakiti. Gräddfil ni krimu iliyogandishwa ikachachuka, ina mafuta asilimia 12 tu. Ni ya kula baridi, na viazi au samaki. Kwenye mchuzi unaochemka lazima ikatike. Wewe unataka vispgrädde, ambayo ina mafuta mengi na inastahimili moto. Matlagningsgrädde, krimu ya kupikia, ya asilimia 15 nayo inafaa, ila usiiache ikatokota kwa fujo. Na filmjölk usiiguse kwa mchuzi, huo ni mtindi, unywe.

Nyama: blandfärs ina nguruwe ndani, jina lenyewe maana yake ni mchanganyiko. Fläskfärs ni nguruwe mtupu. Chukua nötfärs, nyama ya ng'ombe, ya mafuta asilimia 12 au zaidi. Ile kavu ya asilimia 5 ndiyo inayokupa mawe. Kwa halali nenda kwa muuza nyama unayemwamini, umuulize. Sheria ya hapa inataka mnyama azimishwe fahamu kabla ya kuchinjwa, kwa hiyo wengine hununua nyama iliyotoka nje. Vidonge vya supu, buljong, visome nyuma pia.

Sasa kiini cha tatizo lako. Kababu inataka viungo viseme. Köttbullar inataka maziwa. Chukua nusu desilita ya ströbröd, zile chenga kavu za mkate, umwagie desilita 1 ya maziwa, uache dakika 10 zivimbe ziwe kama uji mzito. Hizo ndizo zinazoshika maji ndani ya nyama isikaze motoni. Wengi huzitia kavu, na chenga kavu zinafyonza maji ya nyama badala ya kuipa. Kitunguu kimoja kidogo kikate kama vumbi, ukikaange kwa siagi mpaka kilainike, bila kuungua. Kisha gramu 500 za nyama, yai 1, chumvi kijiko 1 cha chai, pilipili nyeupe kidogo, na kryddpeppar krm 2. Tangawizi na thomu viache siku hiyo.

Mwanangu, vipimo vya Uswidi usivikisie. Msk, kijiko cha mezani, ni mililita 15, tsk, kijiko cha chai, ni 5, krm, kile kidogo kabisa cha viungo, ni 1. Vijiko vyetu vya nyumbani havilingani na hivyo. Nunua ile seti ya vikombe vinne vilivyofungwa pamoja, dl (desilita) mpaka krm, bei yake ndogo na utaitumia kila siku.

Changanya bila kukanda sana. Lowesha mikono kwa maji baridi, tengeneza madonge ya ukubwa wa ndimu ndogo sana, yapange kwenye ubao uliolowa. Kaanga kwa siagi, moto wa wastani, machache kwa machache, ukitikisa kikaango yajiviringishe yenyewe. Yakisongamana yanatoa maji na kuchemka badala ya kukaangika. Ndani yafike nyuzi 70.

Kikaango usikioshe! Yale mabaki ya hudhurungi chini ndiyo mchuzi wenyewe. Siagi msk 2, unga wa ngano msk 2, koroga dakika moja, kisha supu ya ng'ombe desilita 3 kidogo kidogo ili usifanye mabuje, halafu krimu desilita 2 na mchuzi wa soya msk 1. Uache utokote taratibu dakika 5. Onja ndipo utie chumvi, maana soya na supu tayari zina chumvi.

*

Kutoka: Mkenya wa Umeå

Shikamoo Shangazi. Naongeza vya pembeni, kwa sababu bila lingon, vile vitunda vyekundu vichachu vya msituni, sahani haijakamilika. Ule uchachu ndio unaokata mafuta ya krimu. Huku kaskazini tunaenda kuchuma wenyewe msituni mwezi wa tisa, sheria inaruhusu mtu yeyote. Hazihitaji kupikwa. Zikoroge na sukari mpaka iyeyuke, uweke kwenye friji. Lingon zina asidi ya benzoiki ya asili, ndiyo sababu hukaa muda mrefu bila kuoza.

Na ukitengeneza matango ya kubana, pressgurka, angalia sana siki. Ättika ya hapa ni asilimia 12, nyingine 24, si siki ya kumwagia kachumbari moja kwa moja. Kipimo chao ni ättika ya asilimia 12 sehemu 1, sukari 2, maji 3.

Dada, mwenye tumbo lisilopenda maziwa atumie havregrädde, krimu ya oti (oats). Mimi nimejaribu, inashika vizuri.

*

Kutoka: Mama Wawili, Borås

Shikamoo ya Shangazi nimeipokea kwa niaba, na natoa yangu mwenyewe pia. Hiyo kryddpeppar ni kitu gani? Nimefungua kichupa nikanusa karafuu. Mimi mtu wa Pemba, karafuu siikosei.

*

Kutoka: Shangazi, Göteborg

Marahaba. Pua yako haikukosea, mafuta yanayonukia kwenye karafuu yamo humo pia. Lakini ni tunda la mti mwingine, asili yake Amerika ya Kati na visiwa vya Karibi, na lina harufu ya mdalasini na kungumanga kwa mbali. Karafuu usiweke badala yake kwa kipimo kile kile, itatawala sufuria.

*

Kutoka: Mama Wawili, Borås

Nimepika leo. Chenga za mkate nimeziacha kwenye maziwa nusu saa badala ya dakika 10, nilisahau, hazikuharibika. Mchuzi haukukatika. Binti kala saba na viazi vya kuponda, akauliza kama kesho zimebaki. Zimebaki nne, nimemfichia.