Memba ameanika ajenti wa nyumba kwa grupu ya estate, sasa mimi admini natishwa na milioni 20

jirani_sec58 (Nakuru)

Wadau habari zenu. Niko Nakuru side za Section 58 na mi ndio admini wa grupu ya WhatsApp ya majirani, tuko watu mia mbili na kitu, kazi yetu huwa ni token, maji yamepotea, nani ameona paka yangu. Sasa dada mmoja akaleta stori vile alitumia ajenti depoziti na rent ya bedsita, kufika na vitu kwa pikap anapata kuna mtu anaishi huko na landilodi hata hamjui huyo ajenti. Akaweka skrinshoti ya M-Pesa, sura ya jamaa, namba yake na picha ya kitambulisho mbele na nyuma (jamaa mwenyewe ndio alimtumia ili amuamini). Kabla nishike simu ilikuwa imeforwadiwa hadi Lanet.

Jamaa amenipigia MIMI, sio dada, anasema nisipofuta yote na kuomba msamaha hapo kwa grupu ananipeleka korti na ile sheria ya mitandao, faini milioni 20 ama miaka 10 ndani. Nusu ya grupu inasema niache ikae, nusu inasema nifute nisijiletee shida. Admini anaweza shikwa kwa kitu hajaandika? Na hiyo sheria si tulisikia korti imeisimamisha?

omera_kondele (Kisumu)

Wacha ikae hapo hapo! Huyo anakutisha tu juu anajua hana kesi. Mnasahau haraka, 2016 kijana anaitwa Geoffrey Andare alishtakiwa kwa posti ya Facebook, akaenda Mahakama Kuu na Jaji Mumbi Ngugi akafutilia mbali kile kipengele cha 29 cha sheria ya mawasiliano. 2017 kuchafuliana jina kukaacha kuwa jinai, kipengele cha 194 cha Kanuni ya Adhabu kikaenda. Kila wakifunga mlango wanafungua dirisha lingine, sasa ni hii ya kompyuta ya 2018. Na mwizi wa depoziti ndio anajua sheria kutushinda, ebu fikiria. Wanafunzi wakifungua hapa wanaliwa pesa kila mwaka na hakuna mtu anaongea.

karani_mstaafu (Kakamega)

Omera, hapo kwa Andare uko sawa lakini umeruka swali. Jirani, kile anakutishia nacho ni kipengele cha 27 cha hiyo sheria ya kompyuta ya 2018, usumbufu wa mtandaoni, na kweli adhabu yake inafika milioni 20 ama miaka 10 ama zote mbili. Rais alitia saini marekebisho Oktoba 15, 2025, halafu Oktoba 22 Mahakama Kuu ikasimamisha sehemu ya hicho kipengele baada ya Reuben Kigame, huyu wetu wa nyimbo za injili, na Tume ya Haki za Binadamu ya KHRC kwenda kortini. Kusimamishwa si kufutwa, ni kungojea kesi isikizwe, kwa hivyo kabla umjibu kwa kifua uliza wakili imefika wapi.

Lakini mi nikiwa wewe hiyo milioni 20 singeiogopa sana. Kitu ningetoa saa hii ni picha ya kitambulisho. Hapo ni mambo mawili tofauti mmeyafunga pamoja. Kusema fulani alichukua pesa yangu na hakunipa nyumba, hiyo ni stori yake dada, na akiwa na risiti ya M-Pesa basi hata jamaa akienda kudai fidia ya kuharibiwa jina, ukweli ni utetezi. Kuanika namba ya kitambulisho na tarehe ya kuzaliwa kwa watu mia mbili ni habari nyingine kabisa, hiyo inaangukia Sheria ya Kulinda Data ya 2019 na kifungu cha 31 cha Katiba, kinachokataza mambo ya mtu kufichuliwa bila lazima. Hilo neno "bila lazima" ndio la kushika. Kumwonya jirani asitume pesa unahitaji jina na namba anayopokelea. Tarehe ya kuzaliwa ya nini? Mtu mwingine mbaya ataichukua akasajilie laini.

nyar_ahero

Mimi naomba niseme kitu kwa upole juu naona wanaume ndio wanaongea. Binamu yangu aliwekwa namba kwa grupu na mtu waliachana, na maneno machafu ya uongo, akapigiwa simu usiku na watu hawajui mpaka akatupa laini yenye alikuwa anatumia kwa biashara ya samaki. Alienda kureport akaambiwa ni mambo ya wapenzi. Kwa hivyo mkisema hicho kipengele kiondolewe chote, mnaacha watu kama yeye na nini? Hata kifungu cha 33 cha Katiba, kile cha uhuru wa kujieleza chenye mnakipenda, mwisho wake kinasema uheshimu haki na jina la wengine.

omera_kondele

Dadangu pole sana, sipingi. Shida yangu ni nani anashikwa. Binamu yako alirudishwa nyumbani, lakini mtu mkubwa akiguswa gari linatoka Nairobi. Albert Ojwang, mwalimu, alichukuliwa Homa Bay Juni 2025 kwa maneno ya mtandaoni juu ya mkubwa wa polisi, siku iliyofuata amekufa mikononi mwao, na wakaanza kwa kusema alijigonga kichwa mwenyewe mpaka daktari wa serikali akapasua mwili akasema hapana. Sasa mtu akiniambia wapewe sheria pana zaidi, roho inakataa. Waandike kitu kinachotaja wazi vitisho na picha za aibu, wawachane na haya maneno ya "kuudhi".

mwalimu_bungoma

Mulembe. Kwa upande wa data msicheze, 2023 ofisi ya Kamishna wa Data ilitoza shule ya Roma kule Uthiru 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto bila ruhusa ya wazazi, tangu hapo shuleni kwetu hata picha ya siku ya michezo mkuu anaitisha fomu. Najua mtasema hiyo ni shule si grupu. Sheria inasamehe mambo ya nyumbani kwako, lakini watu mia mbili wengine hawajuani hata kwa sura, sidhani hiyo ni nyumbani. Kuhusu admini, India mahakama ya Kerala iliamua 2022 kwamba admini habebi kosa la memba, lakini hiyo ni yao, haifungi jaji wa Nakuru. Wewe sasa umeshaambiwa na una uwezo wa kufutia wote. Ukinyamaza utasema nini?

jirani_sec58

Asanteni. Nimefuta kitambulisho na sura, stori na skrinshoti nimeacha, namba za mwisho za simu ya dada nimemwambia azibe arudishe upya. Msamaha siombi. Jamaa nimemwambia kama pesa ameregesha aonyeshe nitaandika hapo hapo, akakata simu. Dada ameenda polisi amepewa namba ya OB (kile kitabu chao cha matukio). Sasa anasema anataka kuuza simu yake, ile alitumia kuongea na jamaa, apate ya kulipa nyumba ingine, skrinshoti ziko kwa grupu, si zinatosha?

karani_mstaafu

Mwambie ASIUZE. Skrinshoti ya grupu mtu yeyote anaweza chora. Korti itataka cheti cha kipengele cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kuonyesha zilitoka kwa kifaa gani na vipi, na wakili wa jamaa ataanzia hapo. Aitishe pia taarifa ya M-Pesa ya mwezi huo sasa, na zile meseji za jamaa asifute hata moja, hasa ile alituma kitambulisho mwenyewe.

omera_kondele

Na landilodi aandike pia kwamba hamjui. Huyo ndio shahidi.