Kikundi cha Majirani, Barabara ya Ziwani, Naivasha

Mama Kibanda: Hamjambo majirani. Kifungua mimba wangu ameambiwa shuleni aandike kuhusu mwanamke aliyependa wanyama. Nikamwambia, andika Joy Adamson, yule wa Elsamere, si nyumba yake iko hapa tu? Akaniuliza alifanya nini zaidi ya kufuga simba. Nimekwama.

Boda: Si ndiye aliliwa na simba?

Mwalimu Mstaafu: La. Hiyo ndiyo habari iliyotangulia kuenea. Joy Adamson aliuawa katika hifadhi ya wanyama ya Shaba tarehe 3 Januari 1980, na mahakama ikamtia hatiani kijana aliyewahi kumfanyia kazi. Simba walisingiziwa bure.

Boda: 😳 Kumbe

Mwalimu Mstaafu: Mama, mwambie aanze na brashi. Huyo mama alizaliwa 1910 Troppau, mji unaoitwa Opava siku hizi, nchini Cheki. Alifika Kenya 1937. Mume wake wa pili alikuwa mtaalamu wa mimea, ndiye aliyembandika hilo jina Joy, naye akawa anachora maua. Baadaye serikali ya kikoloni ikampa kazi ya kuchora watu wa jamii mbalimbali na mavazi yao ya jadi. Mamia ya picha!

Nyanya wa Geti la Kijani: Nimeziona kwa macho yangu pale Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Shanga, mapambo ya masikio, ngozi. Vitu mama yangu alikuwa akinisimulia kwa mdomo tu. Simba wake sina haja naye, hizo picha ndizo zilinishika.

Mzee wa Boti: Lakini tusimvike kilemba cha ukoka. Hao waliochorwa, tunajua majina ya wangapi? Na alikuwa mkali, hata walioandika maisha yake hawafichi.

Nyanya wa Geti la Kijani: Ukali wake sibishani nao, Mzee. Ila bila yeye nisingeona.

Mwalimu Mstaafu: Nyote mna haki. Na mtoto asiruke hili: George, mumewe wa tatu, ndiye aliyempiga risasi mama yake Elsa, yule simba waliyemlea, 1956. Vikabaki vitoto vitatu. Viwili vikapelekwa Rotterdam kwenye bustani ya wanyama, Elsa akabaki. Walimfunza kuwinda, wakamwachilia, akazaa huko porini na bado akawa anawaletea watoto wake wawaone. Watu wengi hawakuamini simba wa kulelewa nyumbani angeweza. Alikufa 1961, ugonjwa wa kupe.

Mama Kibanda: Kupe?? Kama ng'ombe wetu?

Mwalimu Mstaafu: Jamaa ya ule unaomfanya ng'ombe akojoe damu. Elsa amezikwa katika mbuga ya Meru, na majivu ya Joy yalipelekwa huko huko.

Boda: Na pesa za vitabu alivyoandika Joy kuhusu Elsa alikula nani?

Mwalimu Mstaafu: Nyingi ziliingia kwenye mfuko wa kuhifadhi wanyama. Meru ilifaidika.

Mzee wa Boti: Hapo namvulia kofia. Wageni wangu nikiwapitisha karibu na ile nyumba huuliza simba, nawaonyesha mbega juu ya miti. Wanaudhika kidogo 😂

Mama Kibanda: Ni ukurasa mmoja tu jamani! Aanze na picha au simba?

Boda: Simba

Nyanya wa Geti la Kijani: PICHA. Na shule zikifungwa twende nao makumbusho, nauli ya wajukuu wangu natoa. Mzee wa Boti, nawe uje, ukawaulize hayo majina.

Mzee wa Boti: Nakuja. Na nitauliza kweli.