Ushauri: Tanga hadi Bagamoyo kwa Coaster ya kulala, kupitia Tongoni, Pangani na Saadani

Bi Mwalimu wa Chumbageni

Assalaam alaykum, ndugu zangu.

Mimi na mume wangu tumestaafu ualimu, na tumekuwa na hamu ya siku nyingi ya kuitembea pwani yetu wenyewe kwa utulivu, bila kukimbizana na mabasi wala kutafuta nyumba ya wageni kila jua linapotua. Tumenunua Coaster ambayo bodi yake imechoka lakini injini ni nzima. Fundi wa hapa Tanga ameondoa viti vyote vya nyuma, akaweka vitanda, kabati, tangi la maji, jiko la gesi la pleti mbili, na paneli ya sola juu ya paa kwa ajili ya taa na friji ndogo. Wajukuu wetu watasafiri nasi wakati wa likizo ya shule.

Tumefikiria kutoka Tanga kwenda Tongoni na Pangani, tuvuke mto kwenda Bweni, tupite Mkwaja hadi Hifadhi ya Taifa ya Saadani, kisha Bagamoyo. Kurudi tungependa kupitia Msata, Segera na Muheza, na tukipata nafasi tupande Amani, kwenye ile hifadhi ya msitu wa milimani. Ninaomba kujua kama Coaster itaiweza Saadani, ni wapi tunaweza kulala ndani ya gari kwa ruhusa na kwa usalama, na ni vitu gani vya njiani ambavyo itakuwa hasara kuwapitisha watoto bila kuviona.

Dereva wa Pangani

Shikamoo mwalimu. Kazi yangu ni kuendesha wageni upande huu wa Pangani na Saadani, kwa hiyo naomba univumilie nikijibu kwa mapana.

Coaster inasukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake, tumbo lake liko chini, na mkia wake unatokeza mbali nyuma ya magurudumu. Mambo hayo matatu yataamua safari yenu kuliko nguvu ya injini. Saadani ina maeneo mengi ya udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao wakati wa ukavu unabeba gari lolote, lakini ukipata mvua ya usiku mmoja tu unajaa kwenye kashata za tairi hadi gurudumu linazunguka pale pale bila kusogea. Gari la magurudumu yote manne lenyewe hutaabika humo, sembuse Coaster yenye maji, mitungi na vitanda. Kwa sababu hiyo msiende wakati wa masika, yaani Machi hadi Mei, wala msingoje vuli ichanganye. Likizo ya katikati ya mwaka, mwezi wa Juni au Julai, itawafaa, lakini ulizeni kwanza kama masika yalichelewa kuisha.

Hata wakati wa ukavu, ninawashauri kwa moyo wote kwamba ndani ya hifadhi Coaster iwe nyumba yenu ya kulala, na wanyama mkawatazame kwa gari la kukodi lililoinuka. Egesheni kambini, mkubaliane bei na wenye magari hayo, na dereva anayezijua njia zake awapeleke. Watoto wataona twiga, nyati, kongoni, ngiri na kuro, na wakijaliwa watamwona palahala, yule swala mkubwa mwenye pembe ndefu zilizopinda nyuma. Msikose pia safari ya boti katika Mto Wami. Viboko na mamba wako karibu na maji wakati wote, na huko hamtegemei bahati kama mnavyoitegemea kwa simba.

Kuhusu kulala, hifadhi zetu zina kambi za umma na kambi maalumu. Katika kambi za umma kuna vyoo, maji na mahali pa kupikia. Kambi maalumu ni eneo tupu mnalotengewa ninyi peke yenu, na kila kitu mnakuja nacho. Kwa familia yenye watoto chagueni ya umma. Malipo hufanyika kwa namba ya malipo kupitia simu au benki, au kwa kadi, na hayapokelewi kwa fedha taslimu getini, kwa hiyo wekeni salio kwenye simu mapema, maana mtandao huko hauaminiki. Kuni za porini haziokotwi, pikeni kwa gesi yenu. Madirisha yafungwe kila mnapotoka, kwa kuwa tumbili na nyani wameshazoea kwamba ndani ya gari kuna ndizi na mkate.

Sasa kivuko cha Pangani. Serikali imekuwa ikijenga daraja pamoja na barabara ya lami ya kutoka Tanga hadi Bagamoyo kupitia Saadani, na hali ya vipande vyake inabadilika, kwa hiyo pigeni simu Pangani wiki ya safari mjue mnavuka kwa njia gani. Ikiwa ni kwa kivuko, angalieni maji. Yakipwa sana, hasa siku za bamvua ambapo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida, mteremko wa kuingilia unakuwa mkali, na gari lenye mkia mrefu huburuza bampa ya nyuma wakati magurudumu ya mbele yameshapanda. Ulizeni mabaharia ni saa ngapi maji yatakuwa yamejaa nusu, mvuke saa hiyo. Abiria wote hushuka na kupanda kwa miguu, gari linaingia na dereva peke yake. Kabla ya hapo fungeni mtungi wa gesi kwenye koki yake, na tangi la maji lisiwe limejaa, kwa sababu uzito huo wote umekaa nyuma.

Mkimaliza hayo, msiharakishe. Tongoni, ambayo iko chini ya kilomita 20 kutoka Tanga mjini, inastahili asubuhi nzima. Kuna gofu la msikiti na makaburi zaidi ya 40, mengi yakiwa ya kale sana, na baadhi yake yalikuwa na nguzo ndefu za mawe ya matumbawe. Nguzo nyingi zimeanguka, lakini waonyesheni wajukuu vile vishimo vya duara ambamo mafundi wa zamani walipachika bakuli za Kichina. Waambieni pia kwamba Vasco da Gama alipita katika maji hayo mwaka 1498, na aliporudi mwaka 1499 aliichoma moto meli yake iitwayo São Rafael katika eneo hilo, kwa kuwa mabaharia wake waliobaki hai hawakutosha tena kuendesha meli zote. Mtoto akisimama hapo na kuitazama bahari, somo la historia analielewa bila kukariri.

Pangani mjini simulieni habari za Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani vilivyoanza mwaka 1888, wakamnyongea hapo hapo Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Na mashamba ya mkonge mtakayoyaona njiani yana asili yake karibu, kwani mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika hai 62 tu, na hiyo ndiyo iliyopandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Mkonge wote ulioijenga Tanga ulianzia hapo.

Mtoto wa Dunda

Mwalimu, karibuni sana Bagamoyo.

Kutoka Saadani njia ninayoiamini kwa gari kama lenu ni kutokea geti la Mvave, mpite Miono hadi Mandera kwenye barabara kuu, mvuke Wami kwa daraja jipya, na Msata mkate kushoto. Kutoka hapo ni lami takriban kilomita 64 hadi Bagamoyo. Kwenye ramani inaonekana ni mzunguko, lakini mtafika mkiwa na springi nzima.

Kulala, tafadhali msiegeshe ufukweni peke yenu, hata kama pamewapendeza. Ziko nyumba za wageni na hoteli zenye uwanja mpana, geti na mlinzi, na ukizungumza vizuri na msimamizi watakuruhusu kulala ndani ya gari kwa malipo ya choo na bafu. Kubalianeni kabla giza halijaingia.

Kaole, penye magofu ya mji wa kale, iko kilomita 5 hivi kusini mwa mji, na msikiti wake wa karne ya 13 ni miongoni mwa misikiti ya kale kabisa katika bara la Afrika Mashariki. Mkiwa mmeshaiona Tongoni, watoto watazitambua nguzo za makaburi wenyewe, na hapo ndipo watakapouliza maswali mazuri. Kisha nendeni Misheni ya Kikatoliki, iliyoanzishwa mwaka 1868, ambako mwili wa David Livingstone ulifikishwa mwezi wa Februari mwaka 1874, baada ya kubebwa kwa miguu kutoka ndani kabisa ya bara. Waliombeba walikuwa Waafrika, na ninapenda sana watoto wetu wajue hivyo. Alasiri teremkeni soko la samaki, mnunue wa kukaanga papo hapo, jiko lenu lipumzike.

Mzigua wa Korogwe

Mwalimu, kwa heshima zote, mimi ningewashauri muiache Saadani na mwende Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi. Kutoka Segera ni lami tupu hadi Same, na geti la Zange liko kilomita chache tu kutoka mjini. Huko kuna faru weusi katika eneo lao la ulinzi maalumu, jambo ambalo Saadani haiwezi kuwapa. Njiani mnapita Mombo, na anayetaka baridi anapandisha Lushoto.

Kuhusu Amani, Coaster iacheni Sigi, kwenye ile nyumba ya zamani ya mkuu wa stesheni ya Wajerumani. Kutoka hapo kupanda juu ni vumbi, kona kali na ukingo mwembamba, na mkikutana na lori la kuni mmoja wenu lazima arudi kinyumenyume. Kodini gari dogo liwapandishe hadi bustani ya mimea iliyoanzishwa mwaka 1902. Machungwa nunueni Muheza barabarani, kwa ndoo, kutoka kwa wakulima wenyewe.

Mtanga Ughaibuni

Ninaishi Marekani, ambako watu wengi husafiri kwa magari ya namna hii katika hifadhi za taifa, tangu Yellowstone iliyotengwa mwaka 1872 hadi hizi za karibuni. Nitaongeza jambo moja nililojifunza kwao, nalo ni kulipima gari kabla ya kuipima safari. Katika hifadhi ya Glacier, sehemu ya juu ya barabara ya mlimani hairuhusu gari lenye urefu unaozidi futi 21, bampa na vyote vilivyoning'inia vikihesabiwa. Wanaofika bila kujua urefu wao hurudishwa. Kwetu hakuna kibao cha namna hiyo Amani au Pangani, lakini kona na kivuko vinapima vile vile. Andikeni kwenye karatasi urefu, kimo pamoja na hiyo paneli ya juu, na uwazi kati ya tumbo la gari na ardhi, mbandike mbele ya dereva. Na maji machafu ya jikoni yawe na chombo chake cha kuyakusanya. Huko wana vituo maalumu vya kumwagia, kwetu itabidi muombe choo cha kambi, kamwe msimwage porini wala ufukweni.

Bi Mwalimu wa Chumbageni

Marahaba mwanangu wa Pangani, na ninyi nyote nawashukuru kwa ukarimu wenu. Ndugu yangu wa Korogwe, Mkomazi tumeiandika kwa safari yake yenyewe, kwa sababu safari hii mume wangu anaitaka bahari iwe upande wa kushoto mwanzo hadi mwisho, na nimekubaliana naye. Tutaondoka mwezi wa Julai. Saadani tutalala kambi ya umma na kukodi gari, na Amani tutaishia Sigi kama mlivyosema.

Limebaki moja. Kati ya Tongoni na kivuko tungependa kulala mahali karibu na bahari, ili asubuhi tungoje maji yajae nusu bila haraka. Kuna sehemu ya kuaminika?

Dereva wa Pangani

Ipo, mwalimu. Tafuteni kambi za pwani za upande wa Kigombe, ziko baada ya Tongoni na kabla ya Pangani mjini, zimezoea wageni wenye magari ya kulala. Ulizeni hapo pia kuhusu boti ya kwenda Maziwe, kile kisiwa cha mchanga kinachozama maji yakijaa, maana boti hutoka kwa kufuata maji yale yale mtakayoyangojea kivukoni. Siku ya Maziwe na siku ya kuvuka zisiwe moja.